Kifurushi cha Kilo Tano

Jumatatu, 4 Machi

Zipu moja nimeishona mara tatu na mara tatu nimeifumua. Suruali ya watu, na mwenyewe anaitaka kesho! Mikono iko kwenye cherehani, akili iko kambini.

Jana Mchoraji, mume wangu, alipiga simu saa kumi jioni kama kawaida ya Jumapili zake, akanitajia anavyotaka kwenye kifurushi cha safari hii. Orodha ya ajabu! Naiandika hapa nyuma ya daftari la vipimo, maana karatasi zikibaki mezani huwa nazikata mifano ya kola.

Suruali mbili za kushindia, za lastiki kiunoni. Viatu vya kuchomeka mguu tu, visiwe na kamba. Sabuni ya maji, ile ya kubonyeza. Biskuti. Makopo nisitume. Nyembe nisitume. Na karanga — zilizomenywa!

Zilizomenywa. Mume wangu huyu huyu, aliyekuwa akisema kula karanga ya kumenyewa ni sawa na kusimuliwa hadithi kuanzia mwisho. Nikamuuliza, umeanza kudeka huko? Akacheka. Kicheko kifupi, kisha akaomba aongee na mama yake.

Mwezi wa saba huu tangu waondoke na kikosi. Wamekwenda kulinda amani ya watu wengine. Yangu ameondoka nayo.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kambi ya hapa mjini, kwenye dirisha la vifurushi. Koplo wa Dirishani na wimbo wake ule ule: kilo tano, isizidi hata punje. Kifungwe kwa kitambaa, kishonwe. Mwisho Jumatano tarehe ishirini, kabla ya saa sita mchana. Ukichelewa, mpaka mwezi wa sita. Anasema bila kuinua macho, kama anasoma kwenye meza.

Akanipa karatasi ya kupokelea ya kifurushi cha Januari. Askari akipewa mzigo wake anatia sahihi, karatasi inarudi, mimi naiweka kwenye kopo la vifungo. Hii ni ya tatu. Nilipofika nyumbani nikazipanga zote mezani.

Mbili za kwanza ni za kwake. Ule mkia mrefu chini ya jina, unaozunguka na kurudi, sawasawa na mkia wa herufi ya mwisho kwenye kibao cha mlangoni kwangu. Kibao hicho alikichora yeye, kabla ya jeshi alipokuwa akichora mabango ya maduka nusu ya mji huu. Mkono wake haujawahi kuhitaji rula.

Ya tatu — mstari unapanda, unashuka, unagonga ukingo. Mkia hakuna. Kama mtoto aliyepewa chaki siku ya kwanza.

Nani anapokea vifurushi vyangu?

Nikafanya kosa. Nikamwonyesha wifi. Dada yake Mchoraji huyu tunamwita Redio, na hakuna anayeweza kumzima. Akasema lastiki maana yake kitambi, jeshi linalisha vizuri. Halafu akaitazama ile sahihi, akavuta midomo. Eti anayempokelea vifurushi hakosi kumpokelea na mengine.

Akaenda zake. Maneno yake hayakwenda.

Ijumaa, 8 Machi

Siwezi kukaa. Nikikaa nasimama. Nimefagia chumba cha cherehani mara mbili na sijui vipande vya nguo nimevitupa wapi.

Mama mkwe kaleta makopo manne ya samaki. Chumba chake kinapakana na cha kazi, akikohoa nasikia, nikisonya anasikia. Nikamwambia, mama, amesema makopo asitumiwe. Akasema mwanawe hajakataa samaki tangu aote meno. Akayatia kwenye boksi. Nilipotoka kumpimia mteja nguo nikayatoa. Baada ya chai nikayakuta yamerudi. Nikayatoa tena. Sasa yamerudi yote manne, juu yake kafunika na fulana.

Hajanisemesha tangu mchana. Anadhani namnyima mwanawe.

Nami nashona suruali za lastiki, ninajiuliza za nani.

Jumapili, 10 Machi

Saa kumi kamili, simu. Nilikuwa nimejipanga niulize kwa upole. Wapi! Nikaropoka: mbona huandiki barua siku hizi? Ya mwisho ni ya Desemba. Akasema, shughuli nyingi, Fundi. Ananiita Fundi tangu siku aliyokuja kuchora kibao.

Nikamuuliza nani alitia sahihi ile karatasi. Akajibu: "Mimi. Nilikuwa na haraka."

"Haraka gani ya kukata mkia?"

Akasema laini mbaya, hebu mpe mama. Laini mbaya! Nilikuwa nasikia mpaka mbwa anabweka huko kwao.

Mama akaongea naye akicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa mlangoni nakata kucha kwa meno.

Jumanne, 12 Machi

Mungu wangu. Niandike taratibu, nisije nikaandika upuuzi.

Asubuhi alikuja Mzee wa Nguzo. Ni mteja wangu wa miaka mingi, alikuwa akipanda nguzo za simu mpaka umeme ulipomrusha, akapoteza mkono wa kulia juu kidogo ya kiwiko. Kaleta suruali mpya aliyonunuliwa na mwanawe. "Nifanyie kama zile zingine, binti. Lastiki. Kifungo kibaki cha pambo." Akavua viatu mlangoni bila kuinama, mguu mmoja kisha mwingine, viatu vya kuchomeka.

Nikafungua ukurasa wake kwenye daftari. Mwandiko wangu mwenyewe: lastiki kiunoni, zipu yenye pete. Kiuno 90. Mkono wa kushoto 61. Mkono wa kulia, nimechora kistari.

Nikageuza daftari nyuma nione tarehe za kazi. Nikakutana na orodha ya Mchoraji.

Nikageuza mbele. Nikageuza nyuma.

Nikamuuliza mzee, sauti yangu naisikia kama ya mtu mwingine: unatumia sabuni gani? Akacheka. "Ya maji. Ile ya kipande ni samaki, binti, inakukimbia." Na makopo? "Nayaogopa kuliko nyoka." Wembe? Ananyolewa kwa kinyozi. Kiatu cha kamba? Hajafunga tangu mwaka ule.

"Na karanga, mzee? Unazimenyaje?"

"Simenyi," akasema. "Wanimenyee wajukuu, kazi yao nini?" Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka.

Nikamwonyesha orodha. Nikamtolea na zile karatasi tatu. Aliitazama ya tatu muda mrefu, akaiweka chini polepole. Akasema mwaka wa kwanza, alipojifunza kuandika kwa kushoto, sahihi yake ilikuwa inagonga ukingo hivyo hivyo.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia. Na nikaona aibu, maana kabla ya machozi kilinijia kitu kama raha. Hakuna mwanamke. Hakuna anayempokelea. Ni yeye mwenyewe. Ni mkono wake tu — nimesema "tu"! Mkono wa Mchoraji!

Mama akauliza ng'ambo ya ukuta kuna nini. Nikasema nimejichoma sindano.

Jumatano, 13 Machi

Nimejifunga mkono wa kulia mgongoni kwa mkanda wa gauni. Mlango nimefunga, wateja wasije wakaniona nimerukwa na akili.

Kifungo cha shati: dakika nne. Cha mkono wa kushoto: haiwezekani, nani akifunge? Soksi: nimeivaa, kisigino kikiwa juu. Kopo la mama: limeniponyoka likagonga cherehani.

Halafu nikashona kifurushi cha majaribio. Maana mimi nina sifa yangu! Nashona kwa uzi wa turubai, mishono midogo iliyokazwa, mafundo mawili kila kona. Koplo wa Dirishani aliwahi kusema vya kwangu hata panya hajaribu. Nilitembea kichwa juu wiki nzima.

Nimejaribu kukifungua kwa mkono mmoja. Nimetumia meno. Nimekikalia. Nimeshindwa.

Cha Januari alikifunguaje? Alimwomba nani?

Ijumaa, 15 Machi

Nilisema moyoni, kama ni kweli jeshi lingetuambia. Halafu nikakumbuka: jeshi humwambia aliyeandikwa. Na Mchoraji aliandika jina la kaka yake siku ya kujiunga, kabla hajanioa, hakubadilisha kamwe. Kila likizo tulisema, keshokutwa tutakwenda kubadilisha.

Leo shemeji kapita na lori lake kumwona mama. Ni dereva wa mizigo, haji ila mara moja kwa miezi miwili, lakini tangu Januari hii ni mara ya tano. Sukari, mafuta, dawa za presha za mama. Nilidhani ni wema. Wema upo, sikatai.

Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Nikamuuliza: "Shemeji, amebaki na kiasi gani cha mkono?"

Funguo zikamwanguka. Aliinama kuziokota akakaa chini huko muda mrefu kuliko funguo zinavyohitaji.

"Yuko hai, shemeji," akasema. "Anatembea, anakula, wamemtia stoo anahesabu vifaa. Mengine kaniapisha. Anahofia presha ya mama." Akaongeza kwamba anataka aje aseme mwenyewe, akirudi mwezi wa saba.

Sikumuuliza tena. Aliyeapa asiseme alikuwa ameshasema.

Lakini nina hasira! Na huyu, na yule. Miezi miwili naongea na mtu kila Jumapili namweleza habari za vifungo na bei ya uzi, naye anasema ndiyo Fundi, hivyo Fundi. Presha ya mama, sawa. Mimi nina presha gani?

Jumamosi, 16 Machi

Nimekata shati. La kitambaa cha bluu, aliwahi kulisifia. Mbele vifungo sita vya pambo, nyuma yake vishikizo vya chuma vya kubonyeza. Mtu akitazama haoni kitu. Kidole gumba kimoja kinatosha, nimejaribu.

Nimefika kwenye mikono nikakwama.

Kushoto najua. Ukurasa wa kwanza wa daftari hili ni wake, alikuwa mteja wangu kabla ya kuwa mume: kifua 98, kiuno 84, mkono 63. Kulia — nikate wapi? Kiganja tu? Kiwiko? Zaidi? Nimesimama na mkasi kama fundi wa jana. Kila ninapoweka chaki naona ninamkata mimi.

Nikafunga duka nikaenda kwa Mzee wa Nguzo. Nikamwambia nimtumie barua, nimwambie najua, nimpe pole. Akatikisa kichwa. Pole alizopewa yeye zingejaza ghala, hakuna hata moja aliyoweza kuivaa. Wakamwambia pia mkono mmoja hauchinji ng'ombe. "Sawa," akasema, "lakini mimi sijawahi kuwa na ng'ombe."

Kisha akaacha utani. Akasema mwaka mzima alivaa mashati ya mikono miwili mirefu, mmoja unaning'inia, na kila mtu akitazama pembeni. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Siku moja fundi aliyenitangulia mimi hapa akachukua utepe, akaupima ule mkono uliobaki kama anavyopima mkono wowote, akaandika namba kwenye daftari. Hapo ndipo alipolia, akasema, na hakulia kwa huzuni.

Nimerudi. Mkono wa kulia sikuukata. Nimeuacha mzima, ila nimeupiga bandi tu, ile mishono mirefu ya muda tunayoshona nguo ikiwa inamsubiri mwenyewe aje apimwe. Mke wa fundi anaweza asijue bandi ni nini. Mume wa fundi anajua.

Jumatatu, 18 Machi

Suruali mbili. Viatu. Sabuni. Biskuti. Karanga nusu kilo, nimezimenya mwenyewe, vidole vinauma. Shati juu kabisa.

Na samaki! Nimesalimu amri nusu. Mzee kasema kopo lenye pete ya kuvuta linabanwa kwa magoti, magoti ndiyo mkono wake wa pili. Nikabadilisha makopo manne ya mama kwa mawili ya pete. Mama akayahesabu. Akasema, haya, hata mawili. Sauti ilikuwa bado na ncha.

Nilitamani nimwambie. Alikaa kwenye kiti cha wateja akikunja fulana ya mwanawe, akiunyoosha mkono wa kulia kwa kiganja, mara mbili, mara tatu, mpaka mkunjo ukaisha. Nikatoka nje nikajifanya namwaga maji.

Muuza nyama kanipimia kwenye mizani yake. Kilo tano na robo! Nikapunguza biskuti. Kilo tano kavu. "Fundi, umekonda wewe," akasema, "panda na wewe nikupime." Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Jumanne, 19 Machi

Nimefumua kifurushi chote nilichokishona jana kwa mazoea. Kona nne, mafundo nane, sifa yangu yote chini.

Nimekishona upya kwa mshono wa mdomo wa gunia la unga. Ule wa mnyororo: ukishika uzi upande wake, vuta mara moja na mdomo wote unaachia. Ukishika upande usio wake, utahangaika mpaka kesho. Kwa hiyo kwenye upande wake nimeunganisha uzi mwekundu, mrefu kama kidole.

Nimejaribu kwa mkono wa kushoto. Trrr! Umefunguka. Nimeshona tena. Nimejaribu tena. Mara sita. Mama kauliza ng'ambo ya ukuta, wewe kifurushi hicho unakishona au unakicheza?

Jumatano, 20 Machi

Saa nne nilikuwa kwenye foleni. Saa tano na nusu nikafika dirishani. Koplo akapima: tano. Akageuza, akakagua mshono. Na leo — leo! — akainua macho.

Akasema huu si mshono wangu. Huu utaachia njiani, mzigo wa watu utapotea. Nirudi nikashone kwa fundo kama siku zote.

Saa tano na dakika thelathini na tano. Nyumbani na kurudi ni saa nzima. Nikamwambia hautaachia, ni mshono wa magunia, magunia yanasafiri kwenye malori hayaachii. Akasema amri ni amri. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Nikamwambia, sauti ndogo: "Afande, soma jina. Nikishona kwa fundo, anayekipokea atalifungua kwa mkono upi?"

Akasoma jina. Akafungua kitabu kingine, si kile cha vifurushi. Akapitisha kidole. Kidole kikasimama.

Akafunga kitabu. Akachukua mfuko wa turubai uliokuwa umening'inia mlangoni mwa chumba chake, akakitumbukiza kifurushi ndani, akafunga mdomo wa mfuko kwa mafundo yake mwenyewe. Juu akaandika: mfuko huu ufunguliwe na mgawa mizigo, cha ndani kisiguswe. Muhuri. Pa!

"Mzigo umefika, dada," akasema. "Anayefuata."

Nilisahau hata kushukuru. Nimekumbuka nikiwa nimeshafika sokoni.

Jumapili, 24 Machi

Kapiga. Hakijafika. Nimeongea habari za mvua. Amejibu habari za mvua.

Jumapili, 31 Machi

Hakijafika. Mama kamuuliza kama makopo mawili yatamtosha. Kasema yatamtosha sana. Nilikuwa naumauma ncha ya utepe wa kupimia, nimeutafuna mpaka namba tatu.

Ijumaa, 5 Aprili

Kazi zimenilalia. Sare za shule nzima na sijamaliza hata moja. Kila lori likipita nachungulia, sijui natarajia nini kwenye lori.

Na kama uzi umeachia? Na kama mtu mwingine kauvuta? Na kama kauvuta yeye, akaona bandi, akachukia? Mtu ana haki ya kuficha mkono wake. Sikuliwaza hilo wakati nashona. Nalo linanijia leo!

Jumapili, 7 Aprili

Saa tisa na dakika hamsini, simu. Dakika kumi kabla! Hajawahi.

Nimeiweka mezani juu ya vipande vya sare, spika chini kabisa nisisikike ng'ambo. Naandika hapa hapa, maneno yake yakitoka.

"Kimefika," akasema. "Jana."

Nikasema vizuri. Nikamuuliza, umekifungua?

"Nimevuta uzi mwekundu."

"Na?"

"Kimefunguka chote." Akaongeza: "Tumekifunga upya nikakivuta tena, Fundi. Mbele ya wenzangu. Kama mchezo."

Nikasema shati je. Akasema limemkaa kifuani. Vishikizo vinabonyezeka. Safari hii sikuleta habari za mvua.

"Mkono wa kulia umeupiga bandi," akasema.

"Ndiyo."

"Nani kakwambia?"

"Nguo," nikasema. "Suruali zako, viatu vyako, karanga zako. Mimi kazi yangu nini?"

Nikasikia anavuta pumzi, kisha sauti ambayo sikuijua kama ni kicheko. Sijamsikia akilia tangu nimjue. Huenda ndivyo anavyolia.

Mama anauliza ng'ambo ya ukuta: ni yeye? Samaki alikula? Nimejibu ni yeye, mama, nakuletea sasa hivi. Nasikia kitanda chake, anainuka.

Nimefungua ukurasa wa kwanza. Nimemwambia, shati la watu haliwezi kukaa na bandi mpaka mwezi wa saba. Una utepe huko stoo. Pima kuanzia begani, unipe namba.

Nasikia anavuta utepe kwenye droo, chuma chake kinagonga mbao.

Mama yuko mlangoni. Amesimama. Anatazama daftari.

Kifua 98. Kiuno 84. Mkono wa kushoto 63. Mkono wa kulia —